Krimu za Kuzuia Homoni: Namna ya Kuijaribu Dawa ya Chunusi Bila Kujidanganya

Ukiahidiwa krimu inayomaliza chunusi kwa siku tatu, rudisha pesa zako mfukoni. Chunusi haziendi kwa kasi hiyo. Krimu inayosafisha uso kwa siku tatu mara nyingi imetiwa steroidi kali, na siku utakapoiacha uso utalipuka vibaya kuliko mwanzo.

Krimu za kuzuia homoni, ambazo sasa zinatajwa sana, ni za mwendo wa pole. Kazi yake hupimwa kwa wiki 12, na hata wiki hizo zikiisha si kila mtu atakuwa amepona. Anayeitumia bila mpango huangukia kosa moja kati ya mawili: kuitupa dawa iliyokuwa imeanza kumsaidia, au kuendelea kununua isiyomfaa kwa sababu tu wiki iliyopita uso ulitulia kidogo. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeandikiwa krimu ya aina hii, au unayefikiria kumwomba daktari akuandikie.

Krimu inafanya nini hasa

Kila kinyweleo cha uso kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake. Homoni za jamii ya androjeni, yaani testosteroni na ile iliyo kali zaidi iitwayo DHT, zikifika kwenye tezi hushika vipokezi vyake na kuiamuru itoe mafuta. Mafuta yakizidi, nayo seli zilizokufa zikaziba njia, bakteria huongezeka humo ndani, kinga ya mwili huja juu, na hapo ndipo unapoona kipele.

Wanawake nao wana androjeni, ingawa kidogo kuliko wanaume. Wala si lazima kiwango chake kiwe juu kwenye damu. Watu wengi wenye chunusi za homoni hupimwa damu na majibu yakatoka ya kawaida kabisa. Tatizo ni tezi zao kuitikia kupita kiasi. Kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa "homoni zako ziko sawa" huku kidevu kimejaa vipele kila unapokaribia hedhi.

Vidonge vya kupinga androjeni, kama spironolaktoni, huzunguka mwili mzima. Kwa chunusi hupewa wanawake, kwa sababu mwanaume anaweza kuota matiti akivitumia. Krimu hulenga tezi palepale ilipo. Iliyochunguzwa zaidi ni klaskoteroni ya asilimia 1, inayouzwa kwa jina la Winlevi, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Agosti 2020 kwa watu wa kuanzia miaka 12, wa kike kwa wa kiume. Hukikalia kipokezi kama abiria aliyewahi kiti cha daladala: DHT ikifika, haina pa kukaa.

Sasa soma takwimu hizi polepole. Majaribio mawili makubwa ya klaskoteroni yalihusisha watu zaidi ya 1,400 wenye chunusi za wastani hadi kali, waliopaka mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Katika jaribio la kwanza, asilimia 18.4 ya waliopata dawa walifikia ngozi safi au karibu safi, dhidi ya asilimia 9.0 ya waliopaka krimu tupu isiyo na dawa. Katika la pili ilikuwa asilimia 20.3 dhidi ya 6.5. Maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi, lakini kati ya watu watano wanaoitumia, kama wanne hawafikii kiwango hicho ndani ya wiki 12, ingawa wapo kati yao wanaopata nafuu. Na zaidi: wapo waliosafika kwa krimu tupu. Chunusi hupanda na kushuka zenyewe, na mtu huanza dawa siku ambayo zimepanda zaidi, kwa hiyo lolote atakalopaka siku hiyo litaonekana limemsaidia.

SIMAMA KWANZA: muone daktari kabla ya kujaribu ikiwa…

- Una mimba, unatafuta mimba, au unanyonyesha. Krimu ya spironolaktoni iache kabisa wakati wa ujauzito. Dawa hiyo inahofiwa kuvuruga ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni.
- Hedhi hupotea kwa miezi, ndevu zinaota, sauti inakuwa nzito au nywele za utosini zinapungua. Huenda ovari au tezi nyingine zina shida inayotaka vipimo. Krimu itaificha tu.
- Una ugonjwa wa figo au wa tezi za adrenali, au unatumia dawa zinazopandisha potasiamu mwilini.
- Chunusi zako ni mavimbe makubwa, yenye maumivu, yanayoacha mashimo. Hapo kusubiri wiki 12 za majaribio ni kuongeza makovu. Unahitaji tiba yenye nguvu sasa.
- Zilianza miezi michache baada ya kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango, kuanza sindano za homoni, au, kwa vijana wa gym, baada ya sindano za kujaza misuli. Kwa kijiti, zungumza na mhudumu aliyekuwekea; usikimbilie kukitoa bila kupanga njia nyingine.

Huna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam au Nairobi kumtafuta mtaalamu. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimefundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990. Uliza kwanza katika hospitali ya mkoa wako.

Je, uliyonayo ni dawa yenyewe?

Chini ya maneno "huzuia homoni" kuna vitu vitatu tofauti vinavyouzwa. Kuna dawa iliyojaribiwa na kuidhinishwa, yaani klaskoteroni. Kuna krimu au jeli ya spironolaktoni, ambayo mara nyingi huchanganywa na mfamasia kwa cheti cha daktari. Tafiti zake ni ndogo, na ubora hutegemea mikono ya aliyeichanganya. Halafu kuna seramu za mitishamba zinazojitangaza kuwa adui wa DHT. Hizi za tatu nakushauri uziache dukani. Dondoo la mmea kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza DHT kwenye kichupa cha maabara ni jambo moja. Kupenya ngozi na kufika kwenye tezi ni jambo jingine.

Kuidhinishwa Marekani si kibali cha kuuzwa kwetu. Mwambie mfamasia akuonyeshe usajili wa dawa: Tanzania unashughulikiwa na TMDA, Kenya ni Pharmacy and Poisons Board. Mzigo uliokuja kwenye begi la mtu, bila boksi, bila tarehe ya kuisha, hauna wa kuutolea ushahidi. Klaskoteroni pia hutakiwa kukaa kwenye friji kabla ya kukabidhiwa mgonjwa, na sijui ni muuza urembo gani wa mtandaoni mwenye friji kwenye bodaboda.

Hatari kubwa zaidi ni mkorogo uliovaa jina jipya. Klobetasoli, haidrokwinoni na zebaki zimekutwa mara nyingi kwenye vipodozi vya kuchubua. Dalili za kukushtua: uso unakuwa mweupe kuliko shingo, ngozi inalainika isivyo kawaida na mishipa midogo inaonekana, vinyweleo vinaongezeka mashavuni, na ukikosa kupaka siku mbili uso unawasha na kuwaka. Krimu halali ya kuzuia homoni haimng'arishi mtu.

Za bei nafuu umeshazijaribu?

Mwongozo wa mwaka 2024 wa chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani uliipendekeza klaskoteroni kwa tahadhari, wakati benzoili peroksaidi na dawa za jamii ya adapalini ulizipendekeza kwa nguvu. Sababu mojawapo ni gharama. Kwa hiyo, kama hujawahi kutumia adapalini usiku na benzoili peroksaidi asubuhi kwa miezi mitatu mfululizo, anzia hapo. (Benzoili peroksaidi hutoa rangi nguoni. Tandika taulo jeupe juu ya mto, na khanga uipendayo iweke mbali.) Mjamzito aulize kuhusu asidi azelaiki, ambayo kwa kawaida huonekana salama na husaidia pia madoa meusi.

Kisha piga hesabu kabla hujafungua pochi. Kipimo cha klaskoteroni ni kama gramu 1 kwa uso mzima, mara mbili kwa siku. Tyubu ya gramu 60 inakwisha kwa siku 30. Wiki 12 zinahitaji tyubu tatu, na Marekani kwenyewe tyubu moja bila bima ni mamia ya dola. Kama una fedha ya tyubu moja tu, usianze. Tyubu moja haiwezi kukujibu swali lolote, kwa sababu kipele unachokiona leo kilianza kuziba chini ya ngozi wiki nyingi zilizopita. Mwezi wa kwanza bado unavuna mbegu za zamani.

Jaribio lenyewe, hatua kwa hatua

1. Kaa wiki nne bila kuongeza kitu. Chagua sabuni moja laini, losheni moja isiyoziba vinyweleo na krimu moja ya kukinga jua. Usibadilishe chochote. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Wiki hizi nne, ambazo kwa mwanamke ni kama mzunguko mmoja wa hedhi, ndizo zitakazokuonyesha uso wako ukoje bila dawa. Wengi huiruka hatua hii, kisha mwisho wanakosa cha kulinganisha.

2. Anza kuhesabu tangu wiki hizo nne. Mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kunawa. Gawa uso sehemu nne: paji la uso, shavu la kulia, shavu la kushoto, kidevu na taya. Kwa kila sehemu andika namba mbili: vipele vilivyovimba (vya moto, vinavyouma au vyenye usaha) na vilivyoziba tu (vitone vyeusi au vyeupe visivyouma). Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu, kwa kuwa uvimbe huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea. Pitisha kidole polepole usikie mwinuko na maumivu.

Madoa usiyahesabu. Doa ni alama ya kipele kilichokwisha kupona, na kwenye ngozi zetu linaweza kukaa miezi. Watu wengi huacha dawa inayofanya kazi kwa sababu kioo bado kinaonyesha madoa, ilhali vipele vipya vimepungua nusu. Ukitaka kulifuatilia doa, lipe safu yake peke yake.

3. Piga picha. Tatu: mbele, kulia, kushoto. Dirisha lilelile, saa ileile, umbali uleule, na zima kabisa ule urembo wa kamera unaolainisha uso. Simu nyingi huuwasha zenyewe.

4. Jaribu kwenye mkono kwanza. Paka krimu kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Mwasho mkali, malengelenge au uvimbe ni jibu tosha: usiipeleke usoni.

5. Anza kupaka. Nawa, kausha kwa kugusisha taulo. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza; hiyo ni kama nusu gramu kwa mtu mzima. Mistari miwili ya namna hiyo ndiyo dozi ya uso mzima. Tandaza tabaka jembamba eneo lote linalotoka chunusi, siyo kudonoa kipele kimoja kimoja, kwa sababu unatibu tezi ambazo bado hazijatoa kipele. Kwepa macho, midomo, pembe za pua, na ngozi yenye mchubuko, ukurutu au iliyoungua jua. Usifunike kwa plasta. Nawa mikono, na mtoto asikuegemee shavuni kabla haijakauka.

6. Endelea wiki 12 bila kuongeza dawa mpya. Ukisahau dozi, endelea na inayofuata, usirudishie. Weka alama ya tiki kwa kila mpako. Mwisho utataka kujua kama dawa ilishindwa au wewe ndiye uliyekuwa ukiikosa. Mwanamke alinganishe wiki zinazofanana za mzunguko: wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya kabla ya hedhi, siyo na ile ya baada yake.

Kwa anayetaka ushahidi mzito zaidi: nusu uso

Kwa kuwa krimu hii hufanya kazi zaidi pale inapopakwa, daktari wako akikubali unaweza kupaka upande mmoja dawa na upande wa pili losheni yako ya kawaida kwa wiki nane. Rusha sarafu kuchagua upande. Ukichagua mwenyewe utaupa dawa ule mbaya zaidi, nao ndio ulio na nafasi kubwa ya kushuka wenyewe. Kisha mpe dada yako au rafiki picha za mwanzo na za mwisho, bila kumwambia upande upi ni upi, ahesabu yeye. Jicho lako limeshalipia tyubu, kwa hiyo lina upendeleo.

Njia hii si kamili. Vidole na foronya huhamisha krimu, na kiasi kidogo huingia kwenye damu. Usiitumie kama chunusi zako zinaacha makovu; hakuna sababu ya kulitoa kafara shavu moja.

ACHA DAWA NA UENDE HOSPITALI ukiona…

- Uso au macho kuvimba, malengelenge, au kuwaka kusikopoa.
- Uchovu mzito usioelezeka, kizunguzungu ukisimama, kichefuchefu au kutapika. Katika uchunguzi wa matumizi ya kiwango cha juu, watumiaji wachache wa klaskoteroni, hasa vijana, waliona tezi zao za adrenali zikipunguza kazi. Zilirudi kawaida ndani ya wiki nne baada ya kuacha. Ndiyo sababu kupaka maradufu "ili iwahi" ni hatari bure.
- Moyo kupiga ovyo au misuli kulegea. Inaweza kuwa potasiamu imepanda.
- Hedhi imechelewa. Pima mimba kabla ya kuendelea.

Ukavu na kubanduka kidogo wiki za mwanzo ni kawaida. Ongeza losheni, siyo dawa.

Makosa yanayoharibu jaribio

Kuanza vitu vitatu siku moja ndilo baba yao. Umeanza krimu, umeacha maziwa, umebadilisha sabuni, uso ukapona: utamshukuru nani? Na ukiharibika, utamlaumu nani?

Kuminya vipele kunazalisha uvimbe na madoa mapya, kisha hesabu yako inapima kucha zako badala ya dawa. Kusugua kwa ndimu, dawa ya meno au unga wa liwa wenye chembe ngumu ni hivyohivyo. Kujiangalia kila saa kwenye kioo hakuharibu ngozi, ila huharibu uamuzi. Kipele kimoja kipya Ijumaa kinaweza kukufanya uifute wiki nzima ya nafuu. Na kuacha krimu ya jua kwa kuwa "mimi ni mweusi" hurefusha maisha ya kila doa.

Wiki ya 12: uamuzi

Andika masharti yako leo, kabla hujaanza, ukayasaini kama mkataba. Mimi ningepanga hivi, nikilinganisha wastani wa wiki nne za mwanzo na wa wiki nne za mwisho:

1. Vipele vilivyovimba vimepungua kwa nusu au zaidi: endelea, na umuulize daktari lini upumzike. Ukiacha, tezi hurudia tabia yake. Krimu haiponyi moja kwa moja.
2. Vimepungua kwa robo hadi nusu: dawa inasaidia lakini haitoshi peke yake. Muulize daktari kuhusu kuongeza benzoili peroksaidi au adapalini, dawa moja kwa wakati.
3. Vimepungua chini ya robo, au havikupungua, na tiki zako zinaonyesha ulipaka ipasavyo: acha. Usinunue tyubu ya nne kwa huruma.

Ukiwa mwanamke na umeangukia la tatu, jua kwamba vidonge vya spironolaktoni bado vipo. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lililohusisha wanawake 410, lilionyesha vinasaidia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwenye wiki ya 24 kuliko ya 12. Vidonge hivyo hutolewa na daktari, pamoja na njia ya uhakika ya kuzuia mimba.

Orodha ya kubeba siku ya kliniki

☐ Daftari la hesabu, wiki 4 za mwanzo na 12 za dawa
☐ Picha za wiki ya kwanza, ya 6 na ya 12, bila kulainishwa
☐ Idadi ya dozi ulizokosa
☐ Tyubu zenyewe na maboksi yake, hata tupu
☐ Tarehe za hedhi, na jina la njia ya uzazi wa mpango unayotumia
☐ Kila kitu kingine unachopaka, pamoja na mafuta ya nywele. Kama umewahi kutumia mkorogo, useme, daktari hatakugombeza na bila hilo atakosea

Krimu iliyobaki usimpe mdogo wako mwenye miaka kumi na moja kwa kuwa naye "ameanza kutoka". Klaskoteroni ikishafunguliwa hutakiwa kutumika ndani ya mwezi mmoja. Baada ya hapo irudishe kwa mfamasia aiharibu.